Mashine Moja, Hesabu Tatu: Uchakavu na Uwekezaji katika Kampuni za Utafiti

Januari 2021 kampuni ya nishati ya Norway, Equinor, ilitangaza kwamba imefuta vitabuni dola za Marekani milioni 982 zilizohusu mradi wa gesi asilia ya kimiminika wa Tanzania, ule unaokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi. Kesho yake gesi ilikuwa palepale chini ya bahari. Hakuna kisima kilichoporomoka, hakuna meli iliyozama, wala hakuna hundi iliyoandikwa kwa sababu ya tangazo hilo. Hata hivyo, karibu dola bilioni moja ilikuwa imetoweka kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni.

Pesa yenyewe ilikuwa imeshatoka zamani, tangu meli za upimaji zilipopita Kitalu Namba 2 na mitambo ikachimba kisima cha Zafarani mwaka 2012 na vingine vilivyofuata. Wahasibu waliiandika kuwa mali kwa sababu kampuni ilitarajia ingerudi na faida juu. Matarajio yalipopungua, thamani iliyoandikwa nayo ikashushwa kwa mkupuo. Hiyo ni kushusha thamani. Uchakavu ni ndugu yake mpole: unafanya kazi ileile, lakini kidogokidogo, kwa ratiba iliyopangwa tangu siku mashine ilipofunguliwa kwenye sanduku. Yote mawili yanahusu pesa ya jana. Ukilishika hilo, nusu ya ukungu unaofunika hesabu za kampuni za utafiti unaondoka.

Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi. Utafutaji wa gesi, upimaji wa udongo, majaribio ya dawa na uzalishaji wa mbegu bora ni kazi za kisayansi zinazokula mitambo ya bei kubwa, lakini kila moja inazeesha mali zake kwa mwendo wake. Na mashine moja inaweza kuwa na hesabu tatu za uzee kwa wakati mmoja: ya mhasibu, ya mtoza kodi, na ya yule atakayetafuta pesa ya kununua nyingine.

Hesabu ya mhasibu

Tuchukue maabara ya mfano, niliyoibuni kwa ajili ya makala hii tu. Ni kampuni ndogo mjini Mtwara inayopima udongo wa wakulima, maji ya visima na unyevu wa korosho ghafi kwa malipo. Mwaka 2022 ilinunua mashine ya kupima madini kwenye udongo kwa dola 100,000. Tukiiweka dola kwenye Sh 2,300, hiyo ni Sh milioni 230. Kuitoa bandarini Dar es Salaam, kuisafirisha hadi Mtwara, kumlipa fundi aliyeisimika na kujenga meza ya zege isiyotikisika kukachukua Sh milioni 10 nyingine. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 16, IAS 16, inataka gharama zote hizo ziingie kwenye thamani ya mashine, kwa hiyo inaandikwa Sh milioni 240. Kumfundisha mtumiaji hakumo. Hiyo ni gharama ya mwaka huohuo, ingawa bila mafunzo mashine ni pambo.

Mwenye maabara anakadiria itamfaa miaka 8, kisha haitauzika. Gawanya 240 kwa 8, unapata Sh milioni 30 za uchakavu kila mwaka. Mwaka wa kwanza zimetoka Sh milioni 240 taslimu, lakini taarifa ya faida na hasara inaonyesha 30 tu. Miaka saba inayofuata haitoki hata shilingi kwa ajili ya mashine hiyo, na bado milioni 30 zinakatwa kwenye faida kila mwaka. Ndiyo maana kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha uchakavu unarudishwa juu ya faida, na vijana wanaoanza kusoma hesabu huhitimisha kwamba uchakavu unaingiza pesa. Hauingizi chochote. Unakumbusha tu kwamba sehemu ya mapato ya mwaka huu imetokana na kuila mashine. Mwenye bodaboda anayepokea hesabu kila jioni na kuitumia yote yuko hapohapo: siku injini inapokufa ndipo anagundua kwamba sehemu ya alichokuwa anatumia ilikuwa pikipiki yenyewe.

Ukishusha hesabu hiyo hadi kwenye sampuli, inauma zaidi. Maabara ikipima sampuli 3,000 kwa mwaka, kila sampuli imebeba Sh 10,000 za uchakavu wa mashine hiyo moja. Bei ikipangwa kwa kujumlisha vitendanishi (kemikali za kupimia), mishahara, umeme na kodi ya pango, halafu faida kidogo juu, zile elfu kumi hazimo. Maabara itaonekana ina wateja wengi, itaajiri, itapaka rangi ukuta, na itakufa mwaka wa tisa. Sampuli zikishuka hadi 1,000 kwa sababu msimu wa korosho umekuwa mbaya, kila moja inabeba Sh 30,000. Mashine haijui kwamba wateja hawaji.

Sasa hiyo miaka 8 imetoka wapi? Kwa kawaida inatoka kwenye kijitabu cha mtengenezaji, aliyeifikiria mashine yake ikikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, umeme usioyumba na hewa kavu. Mtwara na Lindi ni miji ya bahari. Chumvi iliyomo hewani hula vichwa vya nyaya na bodi za umeme. Mikroskopu ikiachwa kwenye kabati lisilopitisha hewa wakati wa masika, ukungu huota juu ya lenzi. Ukiimulika na tochi kwa ubavu unaona nyuzi nyembamba zikitambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, na tindikali zake zikishachimba utando wa kioo, hata ukizifuta alama inabaki. Dawa yake ya bei nafuu ni chembe za silika ndani ya kabati. Zikiwa za buluu ni kavu, zikigeuka pinki zimeshiba maji, zirudishwe kwenye oveni zikauke. Mkuu wa maabara anayejua chembe zake zimegeuka rangi lini anajua umri wa vifaa vyake kuliko mhasibu wake.

Halafu kuna umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo yanayoteseka sana: kompresa inashtuka, inajaribu kuwaka kabla shinikizo halijashuka, inaungua. Stabilaiza nzuri na betri za akiba zinaweza kuonekana anasa kwenye bajeti, lakini kazi yake ni kununua miaka. IAS 16 inataka makadirio ya umri yapitiwe angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Kwa maabara ya pwani hilo halipaswi kuwa la kutimiza wajibu tu. Kama mashine ya aina hiyo inakufa mwaka wa tano, basi uchakavu ni Sh milioni 48 kwa mwaka na si 30, na bei ya sampuli iliyopangwa kwa miaka 8 ilikuwa inamdanganya kila mtu.

Wakubwa nao wanakadiria, wala hawakubaliani. Mwanzoni mwa 2025 Meta iliongeza umri wa seva zake hadi miaka mitano na nusu, wakati Amazon, iliyokuwa imepandisha wa kwake hadi miaka sita mwaka mmoja nyuma, ilishusha baadhi ya seva zake kurudi miaka mitano, ikitaja kasi ya teknolojia ya akili mnemba. Mashine za jamii moja, mwaka mmoja, umri tofauti. Ukirefusha umri faida inapanda mwaka huohuo bila kuuza kitu cha ziada, ukiufupisha, inashuka. Siwaiti waongo. Lakini msomaji wa hesabu ambaye haangalii maelezo ya umri wa mali za kudumu amesoma nusu ya habari.

Hesabu ya TRA

Mamlaka ya Mapato haiulizi mashine yako itaishi miaka mingapi. Inafungua Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na kukuonyesha daraja. Kompyuta na magari madogo yako daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mitambo inayotumika viwandani iko daraja la pili, asilimia 25. Daraja la tatu, asilimia 12.5, ni la samani na vifaa vya ofisi, pamoja na kitu chochote kisichotajwa kwenye daraja jingine. Majengo ya kawaida ni asilimia 5 ya gharama. Kisha kuna daraja la nane linaloruhusu kukata asilimia 100 mwaka wa kwanza: humo mna mitambo inayotumika katika kilimo, na vifaa vya utafutaji wa madini au petroli.

Maabara haikutajwa kwa jina popote. Kwa usomaji wangu, mashine ya kampuni inayouza huduma ya kupima udongo si ya kiwandani, na kampuni hiyo yenyewe hailimi, kwa hiyo inaangukia kapu la tatu pamoja na viti na makabati. Mwaka wa kwanza kato la kodi ni asilimia 12.5 ya 240, yaani Sh milioni 30, sawasawa na za mhasibu. Mtu anaweza kudhani hesabu zimekubaliana. Mwaka wa pili TRA inaruhusu milioni 26.25, wa tatu karibu milioni 23, na zinazidi kupungua. Mwisho wa mwaka wa nane vitabu vya kampuni vinasema mashine ni sifuri, wakati kwenye hesabu za kodi bado kuna zaidi ya Sh milioni 82 ambazo hazijakatwa. Kampuni imeshalipa pesa yote, mashine inakaribia kutupwa, na theluthi moja ya gharama bado inasubiri zamu.

Linganisha na Ruangwa na Nachingwea, kwenye madini ya kinywe (grafiti). Kampuni inayotafuta madini ikinunua mtambo wa kuchoronga miamba kwa ajili ya utafutaji, gharama yote inaweza kukatwa mwaka wa kwanza. Sampuli za mwamba zikipelekwa kwenye maabara huru ya kuzipima, mashine ya maabara hiyo inahesabiwa na fanicha. Mwamba ni uleule, swali la kisayansi ni lilelile, ila mmoja anapumua kodi mapema na mwingine anangoja zaidi ya muongo. Wabunge wanaojadili sheria ya fedha kila Juni wangeweza kulitazama hilo.

Sheria hiyohiyo inaruhusu matumizi ya utafiti na uendelezaji wa biashara yakatwe mwaka yalipotumika: mishahara ya watafiti, vitendanishi, safari za shambani. Isipokuwa gharama iliyoingia kwenye mali inayotumika katika utafiti huo. Hiyo inarudi kwenye jedwali. Kwa hiyo mfumo wa kodi unamwona mtafiti kwa macho mawili. Mshahara wake ni wa leo, mashine yake ni ya miaka mingi.

Wamarekani walijaribu kuifuta tofauti hiyo kwa njia iliyowaumiza. Sheria ya kodi ya 2017 iliagiza kwamba kuanzia 2022 hata mishahara ya watafiti isikatwe yote mara moja, bali igawanywe kwa miaka 5, na kwa utafiti uliofanyika nje ya Marekani, miaka 15. Kampuni iliyoingiza dola 100 na kutumia 80 kwa utafiti wa ndani ilikuwa na faida ya kweli ya dola 20. Kwa kuwa mwaka wa kwanza uliruhusu kukata sehemu ya kumi tu, yaani dola 8, kodi ilihesabiwa juu ya 92. Kwa kiwango chao cha asilimia 21 ni dola 19 na senti kadhaa, karibu faida yote. Kampuni changa za sayansi zilipiga kelele, na Julai 2025 sheria mpya ikarudisha ukataji wa mara moja, lakini kwa utafiti wa ndani ya Marekani tu. Wa nje umebaki miaka 15. Nalitaja hapa kwa sababu kampuni ya Kimarekani ikipanga jaribio la dawa, shilingi iliyotumika Lindi na dola iliyotumika Texas hazifanani tena mbele ya kodi yao, na hilo linaingia kwenye uamuzi wa wapi pa kufanyia kazi hata kabla mtu hajauliza kama hospitali yetu ina jokofu.

Hesabu ya kununua nyingine

Hii haina kanuni wala jedwali. Maabara yetu ikifanya jambo jema lisilo la kawaida, ikaweka benki Sh milioni 30 kila mwaka, mwisho wa miaka 8 itakuwa na milioni 240 na riba yake. Lakini mashine haikununuliwa kwa shilingi. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imepita Sh 2,600, kwa hiyo mashine ileile ya dola 100,000, kama mtengenezaji hakuongeza hata senti, ilidai zaidi ya milioni 260 kabla ya usafiri. Uchakavu unaohesabiwa kwa bei ya zamani unarudisha pesa ya zamani. Kwa nchi isiyotengeneza vifaa vyake vya maabara, hapa ndipo pengo kubwa lilipo, na faida yoyote inayotangazwa kabla ya kulitazama pengo hilo naisoma kwa mashaka.

Kuna na upande wa kufurahisha: wakati mwingine mashine mpya ni bora mno kiasi kwamba ya zamani haistahili kuwekewa akiba. Mwaka 2001 kusoma jenomu nzima ya binadamu kulikadiriwa kugharimu karibu dola milioni 100. Kufikia 2015 gharama ilikuwa chini ya dola 5,000. Mashine zilizofanya kazi mwanzoni hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zinawaka vizuri siku zilipopoteza maana. Fundi hawezi kuzuia uzee wa namna hiyo, na aliyepanga umri wa miaka 10 kwa mashine ya jenetiki amejipangia kushusha thamani kwa mkupuo.

Uwiano unaopendwa, na mitego yake

Wachambuzi wa kampuni za utafiti wana kipimo cha haraka: pesa iliyotumika mwaka huu kununua mali za kudumu, igawanywe kwa uchakavu wa mwaka huo. Ikizidi moja, kampuni inajenga kuliko inavyochakaa. Ikiwa chini ya moja kwa miaka mfululizo, inakula mifupa yake. Ni kipimo kizuri kuanzia, kibaya kuishia.

Tazama IQVIA, moja ya kampuni kubwa duniani za kuendesha majaribio ya dawa kwa niaba ya wengine. Miaka ya karibuni, uchakavu pamoja na upunguzaji wa mali zisizoshikika umekuwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, wakati manunuzi ya mali za kudumu ni kati ya dola milioni 600 na 700. Kwa kipimo kile, inaoza. Kwa kweli sehemu kubwa ya namba ya kwanza haihusu mashine hata kidogo. IQVIA ilizaliwa 2016 kwa kuunganishwa Quintiles na IMS Health, na kampuni moja inapochukua nyingine, orodha za wateja, hifadhidata na majina ya biashara huandikwa kuwa mali na kupunguzwa mwaka hadi mwaka. Hakuna anayelazimika kununua upya orodha ya wateja inapoisha vitabuni. ICON ilipoinunua PRA Health Sciences mwaka 2021, na Thermo Fisher ilipoinunua PPD mwaka huohuo kwa dola bilioni 17.4, mambo yalikuwa ni yaleyale. Kabla ya kugawanya, tenganisha uchakavu wa vitu na upunguzaji wa visivyoshikika. Wengi hawatenganishi.

Mtego wa pili ni kwamba kampuni nyingi zimeacha kumiliki. Waliopima miamba chini ya bahari ni mfano mzuri. CGG ya Ufaransa, iliyokuwa na meli zake za upimaji, iliamua 2018 kutoka kwenye biashara ya meli na kubaki na takwimu, programu na wataalamu. Januari 2020 meli zikaenda kwa Shearwater, na mwaka 2024 CGG ikabadili hata jina, ikawa Viridien. Mali kubwa ya kampuni za namna hii ni maktaba ya vipimo vya tabaka za dunia, ambayo nayo ina uchakavu wake kwa sababu vipimo vya zamani hununuliwa kidogo. Manunuzi ya mitambo yameshuka, na si kwa sababu kampuni imechoka. Uzito umehamia kwa mwingine.

Tangu Januari 2019 kanuni nyingine ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 16, imerudisha sehemu ya uzito huo: pango la jengo au mashine iliyokodiwa kwa muda mrefu sasa huandikwa kuwa mali yenye uchakavu wake. Kwa hiyo uchakavu wa kampuni nyingi uliruka mwaka ule bila kununuliwa hata bomba la kioo. Ukilinganisha 2018 na 2019 bila kujua hili, utaandika makala ya uongo.

Na uwiano mkubwa nao? Unaweza kuwa homa. Miaka ya korona ilifanya kampuni za chanjo zijenge kwa pupa. Machi 2022 Moderna ilikubaliana na Kenya kujenga kiwanda cha hadi dola milioni 500. Aprili 2024 ikasitisha, mahitaji ya chanjo ya korona Afrika yakiwa yameporomoka. BioNTech ilipita njia nyingine Kigali: Machi 2023 ilianza kupeleka kiwanda kilichofungwa ndani ya makontena, vipande vinavyoweza kuongezwa au kuhamishwa. Kontena linalohamishika lina thamani hata mradi ukifa. Jengo la zege lililojengwa kwa kazi moja halina. Mwaka 2025, kwa hofu ya ushuru wa forodha wa Marekani, Johnson & Johnson iliahidi kuwekeza huko dola bilioni 55 kwa miaka minne na Roche dola bilioni 50 kwa miaka mitano. Ahadi si manunuzi, na uchakavu wa majengo hayo utaanza yatakapokuwa tayari kutumika, miaka mingi baada ya vichwa vya habari.

Lakini watu wa Mtwara hawahitaji kwenda Marekani kuona mtaji unaotangulia utafiti. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa tu, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zilinunuliwa trekta zilizobaki vitani, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu Mtwara. Kila kitu kilinunuliwa isipokuwa muda wa kupima mvua na udongo. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu, chembe zake zikasaga majembe ya chuma, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha theluthi mbili za trekta zilikuwa zimesimama. Mpango wa umri wa mashine ulioandikwa London uliliwa na mchanga ndani ya miezi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta zaidi ya pauni milioni 36. Reli iling'olewa. Bandari imebaki, na leo inasafirisha korosho, zao ambalo mradi ule haukulifikiria.

Mali isiyoonekana vitabuni

Pale Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kinachojulikana zaidi kwa korosho. Kiwango cha mali zake za kudumu hakiwezi kukuambia kituo hicho kina nini. Ugonjwa wa ubwiri unga ulipoikumba mikorosho ya kusini na kuangusha mavuno, kilichoiokoa ni maarifa: salfa, ipulizwe wakati gani wa maua, kwa kiasi gani. Mbegu za karanga kama Pendo, Mnanje na ile inayoitwa Naliendele, na za ufuta kama Lindi 2002, ni matunda ya miaka ya kuchagua na kupanda tena.

Uhasibu unayaonaje hayo? IAS 38 inasema gharama ya hatua ya utafiti isiandikwe kamwe kuwa mali. Ya uendelezaji inaweza, ikithibitishwa kwamba bidhaa itakamilika, itauzika na gharama yake inapimika. Kampuni ndogo inayotumia kanuni za IFRS za biashara ndogo na za kati hairuhusiwi hata hilo la pili: yote ni gharama ya mwaka. Matokeo yake, kampuni ya utafiti inaweza kuwa na mizania nyembamba kabisa, madawati na mikroskopu, huku utajiri wake wote ukiwa umeshapitishwa kama hasara.

Watakwimu wa uchumi walichoka na hali hiyo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2008 kuhusu hesabu za taifa ulitaka utafiti uhesabiwe kuwa uwekezaji, na Marekani ikaanza kufanya hivyo 2013. Ukishauita uwekezaji lazima uupe uchakavu, nao wakaupa, kwa asilimia za kila mwaka: maarifa ya dawa 10, ya huduma za utafiti wa kisayansi 16, ya programu 22, ya magari 31, ya kompyuta 40. Namba hizo hazipimi maarifa yanayosahaulika. Zinapima kasi ambayo mshindani anakufikia au kitu bora kinatokea. Nadhani za kilimo zingehitaji safu yake, kwa kuwa huko mshindani ni ugonjwa. Mbegu inayostahimili ugonjwa ina thamani mpaka vimelea vibadilike, na vimelea havisomi ratiba. Salfa yenyewe imetumika kwa miongo na bado inapulizwa. Maarifa hayo yamechakaa polepole kuliko mashine yoyote iliyowahi kusimikwa mkoani.

Mashine za wafadhili na mashine za bure

Vifaa vingi vya utafiti kusini vimekuja kwa ruzuku, na ruzuku ina namna yake ya kuficha uchakavu. Chini ya IAS 20, taasisi iliyopewa mashine inaandika uchakavu kila mwaka na upande wa pili inaingiza kipande cha ruzuku kuwa mapato, kiasi kilekile. Vinafutana. Hesabu zinatoka safi, hakuna hasara, bodi inafurahi, na hakuna shilingi iliyowekwa kwa ajili ya mashine ijayo. Mradi ukifungwa baada ya miaka minne, kifaa kina miaka minne zaidi ya kuishi na hakina bajeti ya spea. Mfadhili anayetoa asilimia fulani ya bei kwa matengenezo ya miaka mitano anasaidia kuliko anayeongeza mashine ya pili.

Mtindo unaoenea sasa kwenye maabara za hospitali na za binafsi ni kuwekewa mashine. Msambazaji anaisimika bila malipo, nawe unajifunga kununua vitendanishi vyake kwa miaka kadhaa. Mizania inabaki nyepesi na mtaji wako unabaki mfukoni. Lakini uchakavu haukuhama. Umo ndani ya bei ya kila chupa, na mara nyingi mkataba wa namna hiyo una pango ndani yake ambalo IFRS 16 inataka lioneshwe. Unapousoma, acha ukurasa wa bei kwanza, tafuta vifungu vitatu: kiwango cha chini cha vipimo unachodaiwa hata msimu ukiwa mbaya, nani analipa bodi ikiungua kwa umeme wa saa nane usiku, na fundi anatoka Dar es Salaam kwa siku ngapi wakati wa mvua.